Baraza Limekauka

Oddny hakuwa mtu wa kushindwa na kazi. Alijua kunoa msumeno, kuzibua bomba la jikoni, kuchinja kondoo na kumchuna bila kuharibu ngozi. Kitu kimoja tu kilimshinda maishani, nacho ni kusubiri.

Kipaimara cha binti yake Tuva kilikuwa Jumapili. Nyumba yao ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya bustani ya matofaa na mkono wa bahari, na sebule isingeweza kuwameza wageni wote. Nyuma ya nyumba kulikuwa na baraza pana la mbao, na huko ndiko alikopanga watu wale, wanywe kahawa, wapige picha. Lakini baraza lenyewe lilitia aibu. Theluji ilikuwa imeliacha na utando wa kijani, linateleza kama mgongo wa chura. Mume wake, Eivind, alikuwa ameahidi kulishughulikia tangu vuli. Sasa Eivind alikuwa kazini, kwenye mtambo wa mafuta baharini.

"Liache hivyo hivyo, nitalifanya nikirudi," alimwambia kwa simu.

"Unarudi Jumamosi jioni. Utalipaka ukiwa umelala?"

"Basi tuweke mikeka."

"Juu ya kijani kile? Jorunn akanyage, halafu mwaka mzima asimulie alivyoteguka kiuno kwetu? Hapana. Nalifanya mwenyewe."

Jorunn alikuwa mke wa Leidulf, kaka mkubwa wa Eivind. Neno la kusema hakulikosa, na mara nyingi alilisema akiwa anatabasamu.

Kwa hiyo Oddny akaanza. Alihamisha vyungu vya maua na meza. Akapiga magoti na kisu cha zamani, akachokoa majani yaliyooza katika nyufa za mbao, ufa kwa ufa, maana uchafu wa humo ndio unaohifadhi maji na kuozesha kila kitu. Jirani alimpa mashine ya maji ya kasi, akaikataa. Mashine ile ukiisogeza karibu inang'oa nyuzi za mbao, na baada ya hapo ni vibanzi miguuni msimu mzima. Yeye alitumia sabuni ya msonobari, maji ya moto na brashi ngumu, akisugua kufuata nyuzi, si kuzikata. Povu likatoka kijani, likatoka kijivu, mwisho likatoka jeupe. Aliposuuza, mbao zilikuwa zimerudi rangi ya asali. Alisimama akiwa amelowa mpaka mapajani, akafurahi kama mtu aliyezaa.

Kilichobaki kilikuwa mafuta ya kitani, ya kuzikinga mbao na maji. Na hapo ndipo penyewe. Mbao zilizooshwa hazipakwi mafuta mpaka zikauke hadi ndani, na kukauka kunataka siku kadhaa za jua. Huko kwao Hardanger mvua haina adabu. Ilianza usiku uleule, ikanyesha kesho yake na keshokutwa yake. Oddny akatandika turubai juu ya kamba, akatoa na kipasha joto cha bafuni akakielekeza chini ya turubai, kama mtu anayekausha nywele za tembo.

Jumamosi asubuhi mvua ikakatika. Alipitisha kiganja juu ya mbao, zilikuwa kavu. Akaingiza kidole kwenye ufa kati ya ubao na ubao, akakuta baridi na unyevu. Alijua maana yake. Hakuna wa kumdanganya Oddny kuhusu mbao. Lakini kesho ilikuwa kesho, na mafuta yalikuwa kwenye kopo.

Akapaka. Mbao hazikunywa. Mafuta yalikaa juu, yakang'aa, na baraza likawa zuri ajabu. Sheria ya mafuta ya kitani anaijua kila mtu: yasipoingia, yafute kwa kitambaa kikavu. Oddny alishika kitambaa, akatazama mng'ao ule, akamfikiria Jorunn. Hakuyafuta. Akaongeza mkono wa pili pale mbao zilipoonekana zimefifia. Vitambaa akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji, maana vitambaa vya mafuta hayo vikirundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Katika hilo alikuwa mwangalifu sana.

Jioni Eivind akaingia na begi lake, macho mekundu kwa uchovu. Alitazama nje kupitia kioo.

"Aisee! Limekauka?"

"Limekauka," alisema Oddny.

Lilikuwa neno moja tu, na alilisema akiwa anakoroga krimu.

*

Kanisani kila kitu kilikwenda vizuri. Tuva alipiga magoti mbele ya altare pamoja na wenzake, akiwa amevaa bunadi, vazi la asili la kwao: sketi nyeusi ya sufu, kizibao chekundu, na mbele aproni nyeupe ya kitani iliyotobolewa na kudariziwa mashimo madogo madogo kama barafu ya dirishani. Aproni ile ilishonwa na bibi yake, Borghild, mama wa Eivind. Macho ya Borghild yalikuwa yanakwisha. Alikuwa ameishona majira matatu ya baridi, uso kwenye taa ya kukuza, akihesabu nyuzi kwa ncha ya kidole pale jicho liliposhindwa.

Waliporudi nyumbani, jua lilitoka. Jua la kwanza la maana mwaka ule, tena kali. Wageni wakavua viatu mlangoni, kama ilivyo desturi ya kila nyumba, wakapita sebuleni na soksi, wakaelekea mlango wa nyuma.

Oddny hakuwa amefikiria soksi.

Wa kwanza kutoka alikuwa Leidulf, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, ndani ya soksi nyeupe za sufu zinazofika magotini. Alipiga hatua mbili, akasimama. Akainua mguu. Soksi ikabaki nyuma kidogo, ikavutika, ndipo ikamfuata.

"Shemeji!" akaita. "Baraza lako limenipenda. Halitaki niondoke."

Watu wakacheka. Leidulf akageuza unyayo. Ulikuwa na rangi ya chai. Jua lilikuwa linayapandisha mafuta kutoka kwenye mbao mbichi, ukizitazama vizuri unaona zinatoa jasho.

"Ni utomvu tu," Oddny akasema upesi. "Mbao za msonobari hizo, jua likipiga hutoa utomvu. Vaeni viatu jamani, kuna na vibanzi."

Akaenda chumba kwa chumba akikusanya mikeka ya vitambaa, wa kitandani, wa bafuni, wa chini ya meza ya kushonea, akaitandaza nje mmoja baada ya mwingine huku akitabasamu. Eivind alimtazama, akatazama mikeka. Alikuwa mtu wa kuuliza mara moja.

Jorunn alifika, ameshika kikombe chake kwa vidole viwili.

"Linang'aa kama kioo. Mlimwita fundi?"

"Fundi wa nini? Ni mikono yangu."

"Peke yako, na mvua yote ile? Mimi ningeogopa. Letu tulisubiri mpaka Julai."

Hapo angeweza kusema. Angesema, "Hata mimi ilinibidi nisubiri, nimefanya ujinga," wangecheka, wangeingia ndani wakabanana sebuleni goti kwa goti. Lakini Jorunn alikuwa amesema *kama kioo*, na neno hilo lilikuwa tamu mdomoni.

"Mwingine anaweza, mwingine anaogopa," Oddny akajibu, akaenda kuchukua kahawa.

Aliporudi mlangoni na birika, Borghild alikuwa anataka picha.

"Hapo pale," bibi alikuwa anasema, akinyoosha mkono kuelekea maua ya matofaa, ambayo kwake yalikuwa weupe tu usio na umbo. "Nipeni kiti. Mimi nikae, Tuva apige magoti pembeni yangu. Mimi na mama yangu tulipigwa hivyohivyo."

Leidulf akabeba kiti mpaka ukingoni mwa baraza, nje ya mikeka, kwenye mbao tupu. Borghild akaketi. Alikuwa ametoka kula lefse, ile chapati laini ya siagi na sukari, akijifuta vidole kwenye leso. Tuva akakusanya sketi yake, akaanza kushuka.

Oddny aliona yote hayo. Alikuwa na birika mkononi na neno mdomoni. *Ngoja. Bado mbichi.* Hakuna zaidi ya hapo. Lakini Jorunn alikuwa amesimama begani kwake, ananusa kahawa, na Oddny akasikia jinsi neno lile litakavyosikika. Akajiambia labda mafuta hayatashika. Labda mtoto atainuka haraka.

Tuva akapiga magoti juu ya mbao, aproni nyeupe chini ya magoti yake. Bibi akainama, akamtengenezea mikunjo kwa vidole.

"Bado," Leidulf akasema nyuma ya simu yake. "Bado... Mama, tazama huku. Siko huko, niko huku! Bado... Tuva, umeshakuwa mtu mzima, cheka basi kabla hujaanza kulipa kodi!"

Tuva alicheka. Alipoinuka, kitambaa kilitoa mlio wa plasta inayobanduliwa kwenye ngozi.

Juu ya aproni palikuwa na madoa mawili ya njano, makubwa kama visosi, katikati ya matobo yote yale.

Borghild akaivuta aproni mpaka puani, akaigeuzageuza, na kwa kuwa huko nje kila kitu kilinuka mafuta hakuweza kutofautisha harufu yoyote. Aliona njano tu.

"Ni siagi," akasema polepole. "Ni mimi. Nimekushika na mikono yenye siagi. Ee Mungu wangu, Tuva, bibi yako amekuchafua."

"Bibi, sio..." Tuva akaanza. Akatazama mbao alipokuwa amepiga magoti. Kisha akainua macho, akamtazama mama yake.

Na Oddny akamkata jicho.

Mtoto akaufumba mdomo.

*

Tuva alimpeleka bibi yake bafuni wakajaribu kuosha. Jikoni Oddny alikata keki. Leidulf alisimama karibu na friji, ameshusha sauti, na sauti ya Leidulf ikishushwa bado inafika barabarani.

"Tumelisema hili, Eivind. Mama haoni. Keshokutwa naongea na watu wa manispaa, wamtafutie chumba kwenye nyumba ya wazee."

"Kwa doa la siagi?"

"Leo ni siagi. Kesho ni jiko limeachwa linawaka."

"Maskini," Jorunn akasema. "Na ile aproni alivyoihangaikia. Umeona uso wake?"

Eivind akageuka. "Oddny, wewe unasemaje?"

Kisu kilikuwa kimezama nusu kwenye krimu.

"Tule keki kwanza," Oddny akasema.

Alijisikia akilisema. Borghild aliishi peke yake ng'ambo ya mto tangu mumewe afe. Alijua idadi ya ngazi zake, alijua kila kopo kabatini kwa uzito wake, na hakuwahi kuunguza hata sufuria. Kumtoa humo ni kumzima. Na sasa angetolewa kwa sababu mke wa mwanawe alitaka baraza lake liitwe kioo. Oddny alikata kipande kingine, akakiweka kwenye sahani, kikaanguka upande. Akaacha kisu hapohapo, akaenda bafuni.

Borghild alikuwa ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea, aproni magotini, anasugua kwa kipande cha sabuni. Doa lilikuwa limetanuka. Tuva alisimama ukutani ndani ya sketi yake nyeusi, ghafla mwembamba bila ule weupe mbele. Hakumtazama mama yake.

"Haitoki," Borghild akasema, kwa nyayo tu alijua nani kaingia. "Siagi hutoka kwa sabuni. Hii haitoki. Hata kufua nimesahau. Oddny, mwambie Leidulf asemayo ni kweli. Sitashika tena sindano."

"Mama," Tuva akasema. Alikuwa anamwambia Oddny.

Oddny akafunga mlango nyuma yake.

"Mama mkwe, acha kusugua. Sio siagi."

"Ni nini?"

"Nusa."

Humo ndani hapakuwa na harufu isipokuwa sabuni. Borghild akainua kitambaa. Akanusa mara moja, akatulia, akanusa tena.

"Kitani," akasema. "Mafuta."

"Baraza halijakauka. Nililipaka jana, mbao zikiwa mbichi. Nilijua ni mbichi."

"Leidulf ulimwambia utomvu."

"Nilimdanganya."

"Na nilipoomba kiti?"

"Nilikuwa mlangoni. Nilikuona."

"Ulimwona akipiga magoti."

"Nilimwona."

Borghild alikuwa anageuza uso kama wafanyavyo wasioona vizuri, sikio mbele. Oddny angeweza kuishia hapo. Mwanamke yule hakuwa ameona lile jicho. Asingeweza kuliona kamwe. Tuva alikuwa anatazama vigae vya sakafu.

"Na kuna jingine," Oddny akasema, na shingo ikamwaka moto mpaka masikioni. "Tuva alitaka kukuambia. Nikamkata jicho anyamaze. Akanyamaza kwa ajili yangu."

Bomba lilidondosha tone. Borghild akaikunja aproni, mbichi hivyohivyo, pembe kwa pembe.

"Waambie huko," akasema. "Hunisafishi kwa kuninong'oneza chooni."

*

Oddny alisimama sebuleni, ambako wageni walikuwa wamebanana wakisubiri keki, akagonga glasi kwa kijiko. Siku ya kipaimara glasi ikigongwa watu hunyamaza, na mama akisimama wote wanajua ni hotuba ya mtoto. Wageni wakageuza viti, nyuso tayari zimelainika. Jorunn akatoa leso.

"Lile doa sio la Mama," Oddny akasema. "Sio siagi. Ni mafuta ya baraza. Nilipaka mbao zikiwa mbichi kwa sababu nilitaka mlione likiwa zuri. Nilipoulizwa nikasema limekauka. Leidulf nikamwambia ni utomvu. Mama alipomweka Tuva pale nilikuwa natazama, sikusema kitu, na mtoto alipotaka kusema nikamzuia. Ndiyo hivyo."

Eivind alitazama meza. Leidulf akauinua mguu, akauchunguza unyayo wa soksi kama barua kutoka mbali.

"Kwa hiyo shemeji umetupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema.

Hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu kama wangecheka.

"Na Mama asipelekwe popote kwa doa langu," Oddny akasema.

"Mambo ya Mama ni yetu sisi wanawe."

"Sawa. Yaongeeni. Ila mjue doa ni la nani."

Alibaki amesimama. Watu walikuwa bado wanasubiri ile hotuba yenyewe, maneno ya mama kwa binti. Alikuwa ameyaandaa wiki nzima akiwa anasugua mbao: jinsi Tuva alivyozaliwa wakati wa dhoruba, jinsi alivyojifunza kuogelea kwa ukaidi. Alifungua mdomo akayakuta hayapo. Akaketi. Mwishowe Eivind akainuka, akasema anajivunia sana mtoto wake, kwamba ni mtoto mzuri, na kwamba, aa, tule. Tuva akasema asante.

Jorunn ndiye aliyemimina kahawa. Alipofika kwa Oddny alijaza kikombe mpaka juu bila neno lolote, bila hata tabasamu, na Oddny akagundua kwamba angetoa chochote apigwe kijembe kimoja.

Wageni waliondoka mapema. Mlangoni kila mmoja alishika mkono wake akisema asante kwa siku ya leo, kama inavyopaswa, haraka kidogo. Borghild alimshukuru Eivind. Akambusu Tuva, akamshika mkono ashuke naye ngazi. Aliposikia Oddny anakuja nyuma na mkoba wake, aliupokea mkoba.

"Aproni naondoka nayo," akasema. "Usinipigie. Nikiweza nitapiga mimi."

Jua lilikuwa bado juu ya mlima ng'ambo ya maji. Oddny akavaa suruali ya kazi, akabandua mikeka iliyoacha manyoya yake kwenye mbao, akaenda nje na tapentaini na rundo la vitambaa. Alipiga magoti ukingoni, pale pale, akaanza kufuta. Mafuta yalikuwa yameshakuwa kama gundi. Yalitoka kwa vipande, kwa nguvu, na chini yake mbao zilikuwa nyeusi kwa unyevu.

Tuva alifungua mlango. Alikuwa amebadilisha nguo. Alisimama kizingitini, hakukanyaga nje.

"Sijaja kusaidia," akasema.

"Sijaomba."

"Nimekuja kukuambia usinifanyie vile tena."

Oddny aliacha kufuta. "Lile jicho."

"Asubuhi nilipiga magoti kanisani. Mchana ukanifanya mwongo kwa Bibi." Sauti haikutetemeka, na hilo ndilo lililomuuma Oddny zaidi. "Na niliogopa nini? Uso wako tu. Nikamwacha analia, nikamsaidia kusugua kitu nilichojua sio siagi."

"Kosa sio lako."

"Najua sio langu. Lakini nililifanya."

Oddny akatafuta la kusema, na kila alilolipata lilikuwa la kujisafisha. Akalitupa.

"Sitakufanyia tena," akasema.

Tuva alimtazama muda, kama mtu anayepima ubao kwa kidole. Kisha akageuka. Oddny alitaka kuinuka amfuate, akaegemea mikono, lakini magoti ya suruali yalikuwa yameshikwa na mbao, na kabla hajayabandua mlango ulikuwa umeshafungwa.